Ndege Ikienda, na Yeye Anaenda

Mji wetu wa Koboko mnajua ulivyo. Mtu akivuka barabara kwenda kwa jirani, akirudi ataulizwa ameleta nini. Sasa mimi nilikwenda mpaka ziwani na Shangazi Zainabu, nikarudi salama, na tangu hapo sijauza kipande cha sabuni bila kwanza kutoa habari. Mteja anashika sabuni, anainusa, anairudisha mezani, anasema, "Haya, Mariamu, mkafika Pakwach, halafu?" Nikimaliza kusimulia, anaondoka bila sabuni. Biashara hiyo nimeipigia hesabu mara mbili, na mara zote mbili nimepata hasara. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, kisha mje mnunue kimya kimya.

Mnaniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini siku ya soko iliyopita Shangazi alipiga vigelegele alipoambiwa kwamba mwanawe bado hajatoka huko aliko kuja nyumbani. La pili, kwa nini siku hiyo hiyo mimi nilinunua samaki kwa bei niliyotajiwa, bila kubishana. Majibu yote mawili yako mwisho wa barabara, na barabara zetu mnazijua.

Koboko mpaka Arua

Kwa wale wageni: Shangazi Zainabu ni dada wa baba yangu. Alikuwa na mtoto mmoja, Rajabu, ambaye mwaka wa sabini na tisa alikuwa askari mdogo, sare bado mpya, buti zinamuumiza. Serikali ilipoanguka, yeye alikimbia na wenzake upande mmoja, sisi tukakimbilia Kongo upande mwingine. Sisi tulirudi. Yeye hakurudi, wala hatukupata neno lake. Shangazi hakulia mbele za watu. Alichofanya ni kumwombea mke. Kila Idi alikuwa anasema, "Mola, popote alipo, mpe mwanamke mwenye akili." Alisema mwanamume asiye na mke hana pa kurudi.

Basi, siku moja Mama Furaha akapita Koboko. Huyu ni Mkongo anayekaa Oli, pale Arua, na anauza samaki wa chumvi. Lori lake lilikuwa limeshawaka, yeye yuko juu ya magunia, akamwona Shangazi kwenye meza yangu, akapiga kelele:

"Mama Rajabu! Mutoto yako iko! Nilimuona kule chini! Anasema ndege ikienda, na yeye anaenda!"

Lori likaondoka. Shangazi akabaki na mkono hewani kama anayesimamisha gari la mtu mwingine.

Ndege ikienda. Ndege iko wapi? Iko Arua, kwenye uwanja. Kule chini ni wapi? Ni Arua. Nani angewaza vingine? Tukafunga safari. Mume wangu nikamwachia meza, na mpaka leo naogopa kumuuliza aliuza kwa bei gani.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari akatuuliza tunakwenda wapi. Shangazi akajibu kwa sauti ya mtu mwenye gari lake: "Kwenye ndege."

Askari akatazama ndala zetu za matairi, akatazama kikapu cha ufuta, simsim ya kwetu, akatazama tena ndala. Kisha akapiga saluti. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kupita kizuizi bila kutoa kitu.

Uwanjani

Pale Arua nilimnunua kuku mweusi mwenye madoa meupe kwa mwanamke aliyetoka Adumi. Yule mwanamke alisema kuku huyu ni mtu mzima, yuko tayari. Mimi nikadhani anasema tayari kwa sufuria. Nikamshusha bei hadi akauliza kama namnunua au namteka nyara. Alikuwa wa kumchinjia Rajabu.

Mlinzi wa uwanja alikuwa mzee wa heshima mwenye koti la mvua na fimbo ya kufukuzia ng'ombe.

"Nyinyi nangoja nini hapa?"

"Ndege," akasema Shangazi.

"Ndege ya misheni tu ndiyo iko. Ingine hapana."

"Hiyo hiyo. Iko na mtoto yangu."

Tukangoja. Mzee akafukuza ng'ombe njiani, na ng'ombe wakarudi, akafukuza tena. Hatimaye kikaja kindege kidogo, kikaruka-ruka kwenye nyasi, kikasimama. Akashuka padri mmoja, yakashuka maboksi ya dawa, ikashuka baiskeli. Shangazi akaenda moja kwa moja, akaingiza kichwa ndani.

"Mama!" mzee akapiga kelele. "Toa kichwa! Ndani hapana mutu!"

"Labda iko nyuma."

"Nyuma iko mkia!"

Nami nikachungulia. Viti sita. Nikahesabu tena, sita, na vyote vitupu. Ndipo yule mzee, ambaye nadhani alikuwa na watoto wake pia mahali fulani, akauliza swali ambalo sisi wawili kwa akili zetu zote hatukuwa tumejiuliza:

"Mtoto anakuja ama anakwenda?"

Neno lilikuwa "anaenda". Tukageuka kutazama wanaopanda. Alikuwa mtawa mmoja mgonjwa na bwana mmoja aliyekumbatia cherehani. Shangazi alimtazama yule bwana usoni kwa muda mrefu, kama vile Rajabu angeweza kuongezeka nusu mita na kubadilika kabila. Kisha ndege ikaondoka, na hakuna mtu wetu aliyekwenda nayo.

Oli, kwa Mama Furaha

Tukateremka Oli tukamkuta Mama Furaha uani kwake, anapanga samaki. Nilipomweleza tulikotoka, alikaa chini. Alicheka hadi akaomba maji, akayanywa, akacheka yakatoka puani.

"Uwanja ya avio! Mulienda kwenye avio!"

"Wewe ulisema ndege," nikamwambia, maana kucheka nako kuna kipimo chake.

"Nilisema ndege, ndiyo! Ile ya injini, sisi kule tunaiita avio. Ndege ni ndege. Ya manyoya!"

Sasa nyinyi mliosoma msinicheke. Kwa Kiswahili cha vitabu hatungepotea. Mwalimu wangu alikuwa na kiboko maalumu kwa jambo hilo: ndege *wale* wakienda, ndege *ile* ikienda, na viumbe vyenye roho vina heshima yake. Lakini sisi huku vitu vyote ni *ile*, na mtu, mbuzi na sufuria vyote viko *iko*. Mama Furaha naye kwao ni hivyo hivyo. Herufi chache tulizozionea uvivu darasani zilitupeleka kuchungulia mkia wa ndege ya misheni.

"Mutu yenu iko Panyimur, ku ziwa," akasema akifuta machozi. "Anatiaka samaki chumvi. Kuko ndege nyeupe pale, mingi, zinakulaka matumbo ya samaki. Mvua ikikaribia, zinaenda. Na watu ya chumvi nao wanavuka, wanaenda ng'ambo, sababu samaki haikauke tena. Njo vile alisema: ndege ikienda, na yeye anaenda. Musipomukuta, mutamutafuta ng'ambo yote."

Shangazi alikuwa haangalii tena mtu. Alikuwa anaangalia juu, upande wa kusini, ambako wingu moja lilikuwa limekaa kama mgeni ambaye hajasema anaondoka lini.

"Mariamu," akasema, "chukua kuku."

Inde

Tulipata lori la tumbaku. Nilielewana na dereva juu ya nauli ya watu wawili, na kuku asafiri kama mzigo wa mkononi. Kwenye marobota tulikuwa kumi na mmoja. Nilihesabu tena tukawa kumi na wawili, kwa sababu chini ya turubai alikuwa amelala bwana mmoja mnene, kofia usoni. Huyu alikuwa ofisa wa samaki, anarudi kwenye kituo chake huko huko Panyimur. Watu wote wa njia ile wanamwita Bwana Samaki, na nafikiri hata yeye jina lake jingine ameshalisahau.

Tulipofika Inde, dereva akasimama, akazima, akasema dakika chache tu. Mama mkwe wake anakaa Inde. Mwanamume hawezi kupita mlangoni kwa mama mkwe kama moshi. Sawa. Lakini mama mkwe yule hakuwa mtu wa dakika chache. Alitoa viti. Akatuma watu sokoni. Akasikia kwamba kwenye lori kuna watu kumi na wawili, akasema, "Na wao waingie," na nyuma ya uzio nikasikia mtwangio unaanza. Yaani ugali tunaosubiri kula, muhogo wake ndio kwanza unatwangwa.

Shangazi alikuwa anatembea kando ya lori akitazama juu. "Mkwe gani huyu asiyejua kula haraka?"

Lakini chakula kilipokuja, jamani, nitasema ukweli. Ugali wa muhogo na mtama, mwekundu, unavutika. Majani ya kunde kwenye simsim ya kusaga, mafuta yanaelea juu. Shangazi alikula huku analaumu, akaongezewa, akalaumu zaidi.

Tuliporudi juu ya marobota, ndipo ikatokea kesi. Kikapu cha kuku kilikuwa kimelegea kifuniko. Kuku alikuwa ametoka, akatafuta mahali pa laini, akapaona: mapajani mwa Bwana Samaki, ambaye hakwenda kula kwa sababu alikuwa usingizini. Tulimkuta ameketi wima, hapumui, mikono juu kama aliyekamatwa na askari. Kuku akasimama, akajikung'uta, akapiga kelele za ushindi. Yai likabaki.

Nikanyoosha mkono. Bwana Samaki akalifunika.

"Yai hili limezaliwa kwangu," akasema.

"Kuku ni wa nani?"

"Kuku ni wako. Lakini kiota ni changu. Nimekaa bila kujitikisa muda wote huo, mguu umekufa ganzi. Unadhani hiyo siyo kazi?"

Lori zima likagawanyika. Wengine upande wa kuku, wengine upande wa paja. Nimeuza vitu miaka mingi na sijawahi kukutana na mtu anayedai kodi ya mapaja. Tulibishana mpaka Nebbi, na tukapatana hivi: yai la leo ni lake, na kuku akitaga tena kesho, ni langu. Alilifunga kwenye kitambaa, akaliweka ndani ya kofia. Baadaye nikamwona amelirudisha kikapuni, chini ya kuku, akidhani hatumuoni.

"Mwache alikalie," akasema nilipomkazia macho. "Huyu anataka kuatamia. Mtazame macho. Kuku akifikia hapo, hata ukimpeleka Kampala atatafuta pa kukaa tu."

Nebbi mpaka Pakwach

Tukiteremka mlima baada ya Nebbi, springi ya lori ikakatika. Dereva akachukua lifti kwenda kutafuta nyingine, sisi tukabaki kando ya barabara. Na hapo mvua ya kwanza ikanyesha. Haikuwa kubwa. Ilinyesha tu kama mtu anayetia sahihi.

Shangazi alisimama ndani ya mvua, hakutaka turubai. "Wamekwenda," akasema. "Ndege wamekwenda."

Bwana Samaki akamwita kwa upole. "Mama, njoo chini ya turubai. Mvua siyo inayowaondoa."

"Mama Furaha alisema mvua ikikaribia."

"Inakutana tu na safari yao. Wale ndege, kwa Kiswahili cha pwani wanaitwa shakwe. Mimi kazi hii nilisomea huko. Mvua ya Panyimur hawana habari nayo. Kwao ni kaskazini kabisa, upande wa barafu. Niliwahi kuokota mmoja amekufa, mguuni ana pete yenye maandishi ya huko."

"Kama kwao ni huko, huku wanafuata nini?"

"Kukimbia baridi na njaa, mama. Hapa wanakula, wanalala, basi. Hakuna shakwe hata mmoja wa hao aliyewahi kutaga yai Panyimur. Kutaga ni kule kule. Na majira ya kulea huko ni mafupi sana. Barafu ikiyeyuka, lazima awe amefika. Akichelewa anakuta mahali pake pamechukuliwa, na vifaranga wake watazaliwa wakati chakula kimeanza kupungua. Kwa hiyo yuko hapa, anakula matumbo ya samaki, jua linamchoma, lakini mwili wake unajua. Siku ikifika anaondoka, mvua iwepo, isiwepo. Kinachomvuta ni kiota."

Shangazi alikuwa ameshaketi. Alikunja mguu mmoja, jambo ambalo kwake ni dalili kwamba mazungumzo sasa ni ya kweli.

"Wote wanakwenda?"

"Hapana. Wale wenye kichwa cheupe na mgongo mweusi, hao ndio watu wazima, wana wenzi wao, ndio wanaotangulia. Kuna wengine wa rangi ya kahawia, wenye madoadoa. Hao ni vijana. Hajapata mwenzi, hana kiota, aende kufanya nini? Wengi wanabaki mwaka mzima wanashinda ufukweni wanaiba samaki."

"Kama vijana wa Koboko," nikasema.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu, na mimi nikiona mtu anapiga hesabu nanyamaza.

"Basi mwenye nyumba anaondoka kwanza," akasema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Asiye na nyumba anabaki."

"Anabaki."

Shangazi akageuka upande wa kibla, akafungua viganja, na mbele ya watu kumi na mmoja na kuku mmoja akasema kwa sauti: "Mola wangu, yale maombi yangu ya mke, yale ya kila Idi. Nayaondoa kwa muda. Kama hujampa, usimpe sasa hivi. Awe wa kahawia. Nikishamwona, tutaongea tena mimi na wewe."

Mwanamke mmoja kwenye lori alishika mdomo. Mama wa Koboko anaomba mwanawe awe mhuni asiye na mke! Lakini Bwana Samaki aliitikia "Amina" kabisa, na yeye ni Mkatoliki.

Kesho yake springi ilifika, na kuku akataga tena. Kikapuni safari hii. Bwana Samaki alionekana ameumia kidogo moyoni.

Panyimur

Kutoka Pakwach tulipanda gari la kubeba samaki, ambalo lilikuwa tupu lakini harufu ilikuwa imejaa. Ziwa lilipotokea, Shangazi hakulitazama. Alitazama mchangani.

Vichanja vya kukaushia samaki vilikuwa vitupu, vingine vimelazwa chini. Mitumbwi michache. Na kwenye ukingo wa maji, ndege. Nikawahesabu. Ishirini na wawili, wote wa kahawia. Nikarudia kutoka upande wa pili, nikitafuta kichwa cheupe hata kimoja. Ishirini na wawili, wote wa kahawia.

"Sema," Shangazi akaniambia.

"Wakubwa wamekwenda."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akakaza kanga kiunoni, akaanza kuuliza. Hakuna aliyemjua Rajabu. "Rajabu wa Koboko? Hapa hapana mutu kama huyo." "Askari? Mama, hapa askari wa zamani wote wanasema walikuwa mafundi wa baiskeli." Tulizunguka ufukwe mzima, mpaka mwisho wa vibanda, na kila "hapana" ilikuwa inamfupisha Shangazi. Mwisho akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kikapu cha kuku mapajani. Nilisimama karibu yake, nikahesabu vibanda upya.

Ndege wawili wa kahawia wakapita juu ya vichwa vyetu, wakatua nyuma ya kibanda cha mwisho, na tukasikia vurugu za mabawa, bati likianguka, kisha sauti ya mwanamume akitukana.

Alitukana kwa Kikakwa, lugha ya kwetu. Na lilikuwa tusi moja refu, lenye punda ndani yake, ambalo sitaliandika kwa sababu wengine mna watoto. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyekuwa akitukana namna hiyo, naye ni marehemu mume wa Shangazi.

Shangazi alisimama kuku akiwa bado mkononi.

"Rajabu!" akapiga kelele. "Nani alikufundisha kusema hivyo?"

Kisha mtu akatokea pembeni ya kibanda, mikono myeupe kwa chumvi hadi viwikoni, nywele zimeanza kurudi nyuma. Pale ufukweni, tulikuja kujua, walimwita Chumvi, na jina jingine hakuwahi kuwapa.

"Mama?"

"Mimi."

"Nilisikia ulikufa Kongo, mpaka Mama Furaha aliponiambia uko Koboko."

"Na mimi nilisikia ulikufa Sudani. Watu wanasema sana."

Mnajua Shangazi. Mlidhani atamwangukia na kulia. Alimzunguka kwanza, kama mtu anayenunua ng'ombe, akamgusa sikio, akamgusa kovu la goti, na alipomaliza ndipo akamkamata, na kilichofuata ni chao, mimi nilitazama ziwa.

Nilipogeuka tena, Shangazi alikuwa ameshaanza kesi. "Sasa niambie. Wakubwa wote wamekwenda. Wewe mbona uko? Huna mke mpaka leo? Mtu mzima na upara, bado kahawia?"

"Bado nini?"

Mlangoni mwa kibanda akatokea mwanamke, Mwaluri wa huko huko ziwani, mrefu, mkono mmoja kiunoni. Nikahesabu watu pale mlangoni: wawili. Shangazi alihesabu vizuri kuliko mimi. Alitazama mkono ule kiunoni, akatazama tumbo, akasema pole pole, "Watatu."

Jina lake Filomena. Alipiga magoti kusalimia, kwa shida, na Shangazi akamzuia katikati, akamkalisha juu ya gunia.

Rajabu akaeleza huku anajifuta chumvi. Kila mwaka ndege wakienda na wao walikuwa wakivuka kwenda ng'ambo kutafuta kazi. Mara mbili Filomena alivuka akiwa mjamzito. Mara mbili mawimbi, baridi, kulala chini ya turubai, na mara mbili walirudi bila mtoto.

"Nilipotuma lile neno nilikuwa nimeshapanga tutavuka tena," akasema. "Kisha siku ya kupanda mtumbwi, huyu akakaa juu ya gunia la chumvi, akakataa."

"Nilimwambia ndege waende peke yao," akasema Filomena. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwetu. "Wao kiota chao kiko huko wanakokwenda. Changu kiko hapa."

Shangazi akatazama juu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemaliza mazungumzo na jirani: "Haya, Mola. Yale maombi ya mke nayarudisha palepale. Asante kwa kutonisikiliza."

Kuku hakuchinjwa. Tulipofungua kikapu alikuwa amekalia mayai yote, akamdonoa Rajabu kidole. Filomena akasema aachwe. Tukala angara wa chumvi, samaki yule mwenye miba mingi anayemfundisha mtu subira, na Bwana Samaki akaja kuangalia, kwa maneno yake, hali ya mteja wake, yule kuku.

Tulipokuwa tunaaga, Shangazi akasema, "Nyumbani lini?"

"Mtoto akishapata nguvu. Ndege wakirudi, na sisi tunakuja."

"Ndege ya manyoya?"

"Ya manyoya, mama."

"Wanarudi lini hao?"

Rajabu akamtazama Bwana Samaki, na Bwana Samaki, ambaye hawezi kuacha swali likae peke yake, akajibu kabla ya kufikiri. "Hawarudi pamoja. Wanaotangulia kurudi ni wale ambao mayai yao yaliharibika. Hana cha kulea, anakaa afanye nini? Anarudi mapema. Waliopata watoto ndio wanaochelewa."

Kisha akasikia alichokisema. Filomena alikuwa anatazama mchanga. Rajabu alikuwa anasugua chumvi ambayo haipo tena mkononi. Bwana Samaki alivua kofia, akaivaa, akaivua.

Shangazi akainama, akamshika Filomena kidevu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimengoja tangu vita. Kungoja nakujua kuliko mtu yeyote. Nyinyi njooni mwisho. Mmesikia? Mchelewe. Mchelewe kabisa."

Koboko

Njia ya kurudi haina habari, ila kwamba kwenye kizuizi cha mwisho tulimkuta askari yule yule. Akauliza kama ndege ilikuwa nzuri. Shangazi akamwambia ilikuwa ya kahawia. Saluti hatukupata, na mche mmoja wa sabuni ulibaki pale.

Miezi ikapita. Shangazi alipaka nyumba yake udongo mpya, akajenga kibanda cha kuku, na kila siku ya soko alikaa kwenye meza yangu akitazama barabara ya kusini, lakini kwa uso wa mtu anayeomba isilete kitu. Gari likisimama, alinishika mkono. Likiondoka bila kumshusha mtu wetu, aliniachia. Nyinyi mlidhani anazeeka.

Sasa, siku ya soko iliyopita, Mama Furaha akaja na samaki. Safari hii alishuka kwenye lori kabisa, akaja mpaka mezani.

"Mama Rajabu," akasema, "ndege imeanza kurudi ku ziwa. Ile ya mugongo mweusi. Moja moja tu."

Shangazi alinishika mkono. Kucha zake bado ziko hapa, anayetaka nitamwonyesha.

"Na mtu wetu?"

"Hajatoka. Nilipita pale, mulango iko wazi, nguo iko kwenye kamba. Nikamwambia, Chumvi, ndege imerudi, unakwenda lini? Akasema, bado. Akasema nikuambie vile vile: bado sana."

"Nguo gani kwenye kamba?" akauliza Shangazi.

Mama Furaha akaonyesha kwa viganja viwili. Aliviweka karibu karibu, namna mtu anavyopima samaki mdogo ambaye si wa kuuza.

Hapo ndipo Shangazi alipopiga vigelegele vile mlivyovisikia mpaka kwenye stendi. Na mimi nilichukua samaki wawili, nikawahesabu mara mbili maana sikuwa naona vizuri, nikalipa alichotaja.